Jiwe la Jikoni Nyuma ya Gurudumu

Siku ya kwanza nilipoingia gereji, kabla sijapewa hata kitambaa cha kupangusia mikono, foremani alininyooshea mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu. Nilidhani anataka kunisalimia, nikabaki nimeduwaa, sijui niushike au niuache.

"Unaona hii?" akaniuliza. "Hii ndio somo ya leo. Ingine utajifunza pole pole."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Kakamega, na mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Sigalagala kusomea ufundi wa magari. Foremani alikuwa mtu wa Mumias, Mwislamu mpole aliyeingia kazini kila asubuhi kwa salamu aleikum hata kama gereji ilikuwa na Wakristo watupu. Vidole vyake viwili vilikuwa vimechukuliwa na mkanda wa feni. Hakunificha kitu. Alinieleza alivyokuwa ameinama, dereva alivyofika akaketi kwenye usukani akafikiri kazi imekwisha, na akawasha. "Sikusikia uchungu," alisema. "Nilisikia tu kama mtu amenivuta shati."

Usiku huo niliota ndoto mbaya. Asubuhi nilifika nikamwambia wazi kwamba naogopa, labda nipewe kazi ya matairi. Alicheka kwa muda, kisha akanipa spana. "Mtu asiyeogopa simpatiangi hii," akasema. "Wewe nitakupatia."

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua boneti, nieleze kidogo. Mkanda wa feni ni ule mkanda mweusi wa mpira ulio mbele ya injini. Enzi zetu ulikuwa umezunguka magurudumu madogo matatu ya chuma tuliyoyaita puli: moja chini, iliyofungwa kwenye kranki, yaani mhimili wa injini yenyewe, ya pili juu, ya feni na pampu ya maji, na ya tatu pembeni, ya altaneta inayochaji betri. Mkanda ukikatika, maji hayazunguki, betri haijazwi, na injini huchemka mpaka dereva anaona mvuke ukitoka na kufikiri gari linaungua. Mkanda uliochakaa hujitangaza mapema. Asubuhi hulia kwa sauti kali, ubavu wake hung'aa, na ukiukunja unaona nyufa ndogo ndogo upande wa ndani. Wenye magari wengi waliusikia ukilia wakaongeza sauti ya redio.

Kuubadilisha si kazi ya kutisha kwa mtu anayetazama. Unalegeza bolti ya altaneta, unaisukuma altaneta kuelekea injini, unautoa mkanda wa zamani, unavisha mpya, kisha unavuta altaneta nyuma kwa mpini wa jembe mpaka mkanda ukaze, ukiubonyeza kwa dole gumba uingie kidogo tu. Lakini vidole vyako viko hapo katikati muda wote, na ndiyo sababu foremani alitupa amri zake. Pete na saa ziwekwe kando. Mikono ya ovaroli ikunjwe. Betri ifunguliwe waya. Na ufunguo wa gari usikae kwenye gari, wala kwa mwenye gari, bali mfukoni mwa fundi. Mimi niliuweka kwenye mfuko wa kifuani ili nikiinama niusikie ukinigusa. Wenzangu walinitania kwamba natembea na ufunguo kama sista na rozari. Sikujali. Hofu yangu niliitunza, na hofu yangu ilinitunza.

Baada ya miaka michache nilihamia kwenye yadi ya matrekta na malori ya miwa, upande wa Ekero. Mkubwa wetu pale alikuwa Meneja wa Usafiri, mtu mrefu aliyependa kusimama nyuma ya fundi bila kusema neno. Msimu wa miwa hapakuwa na usingizi. Trekta likilala, miwa inakauka shambani na mkulima analia. Nilibadilisha mikanda mingi mle, ya kila ukubwa, na vidole vyangu vyote kumi vilirudi nyumbani kila jioni. Wakati huo ndipo nilipomwoa Rasoa, mtoto wa mwalimu mkuu mstaafu wa upande wa Mukumu, na ndipo ninapofika kwenye habari niliyokusudia.

Baba mkwe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda kuliko suti yake ya Jumapili. Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi. Injini nayo ilikuwa imechoka, pistoni zimelegea, haina nguvu ya ujana. Siku moja akanitumia salamu kwamba mkanda umekatika akiwa anapanda uwanjani kwake, gari limesimama pale pale kwenye mteremko, na amenunua mkanda mpya mjini. Je, mkwe wake fundi angekuja? Ningekataaje? Nilibeba sanduku langu la spana, nikaenda.

Nilipofika nilikuta pikapu imetazama juu, kuelekea nyumba, na mkia wake uko chini, kule uwanja unakoishia kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulikuwa bado unateleza. Mwalimu alikuwa ameweka jiwe kubwa jeusi nyuma ya gurudumu la nyuma. Nililipiga teke nikaona limekaa vizuri. Nikaingiza gia namba moja ili injini nayo isaidie kushikilia, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Sikuuliza jiwe lilitoka wapi. Nani huuliza jiwe limetoka wapi?

Mwalimu alisema rejeta imekauka, akachukua mtungi na baiskeli akaenda chemchemini kuleta maji. Watu wengine wa boma walikuwa sokoni. Ng'ambo ya bonde kinu cha posho kilikuwa kinanguruma kikisaga mahindi ya watu. Nilibaki peke yangu na gari, isipokuwa mama mkwe, ambaye nilijua yuko jikoni kwa sababu moshi ulikuwa unatoka.

Hapa vijana wa leo wanahitaji maelezo. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja. Mama akija njia hii, wewe unashika ile. Ukiwa na neno, unampa mke wako alipeleke. Wala si chuki, ni heshima kubwa mno, na ukiivunja ni aibu inayowafuata watu mpaka kwa watoto wao. Tangu nioe nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya Mama Rasoa ikinielekea mimi. Niliijua kwa kuisikia ikiimba kanisani.

Bolti ya altaneta ilikuwa imeshika kutu. Niliimwagia mafuta taa, nikaigonga, nikaivuta, ikalegea kidogo tu. Mkanda mpya ulivaa puli mbili za juu lakini ukagoma kupanda ya chini. Basi nikafanya wanavyofanya mafundi wote: kwa mkono wa kushoto nilishika mkanda juu, kwa vidole vya mkono wa kulia nikawa nausukuma kwenye mdomo wa puli ya kranki, kidogo kidogo, nikiwa nimeinama kichwa chini kabisa.

Kupitia mwanya chini ya injini niliona miguu. Miguu ya mwanamke, peku, na pindo la leso. Ilikuwa inatembea pole pole sana, kwa adabu, jinsi mtu anavyotembea akitaka apite bila kuonekana. Nikajua ni mama mkwe. Nikafanya kama mkwe mwenye malezi: nikafumba macho na kugeuza uso ili apite.

Hakuwa anapita. Jiwe lile lilikuwa figa la jikoni mwake. Mwalimu, kwa haraka yake, alikuwa amelichukua mekoni bila kumwambia mtu. Mama alikuwa na sufuria kubwa ya kuteleka, ndani yake kuku, ingokho ile ambayo mkwe akija lazima achinjiwe, na sufuria haikai juu ya mafiga mawili. Alilitafuta figa lake, akaliona nyuma ya gurudumu, akainama, akalivuta. Mama hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Kwake gari lililozimwa, ambalo halina mtu ndani, lilikuwa kitu kilichosimama.

Pikapu ilishtuka. Ilirudi nyuma kama upana wa kiganja, ikakwama kwenye gia, na puli ikageuka ikavimeza vidole vyangu vitatu pamoja na mkanda. Na kweli, foremani hakuwa amenidanganya: nilihisi kama mtu amenivuta. Uchungu ulichelewa, ukaja baadaye kwa pamoja.

Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu, unanigusa, na haukuwa na faida yoyote. Miaka yote ile nilikuwa nimemwogopa mtu wa kuketi kwenye usukani. Sikuwahi kufikiri kwamba magurudumu yenyewe yanaweza kuizungusha injini, bila ufunguo, bila betri, bila mtu.

Gari likashtuka tena, kidogo. Injini iliyochoka haishiki gari. Inalizuia, inaliachia, inalizuia tena. Nilijua mshtuko mmoja au miwili mingine na vidole vitaingia mpaka kwenye maungio, na baada ya hapo sitakuwa fundi tena. Kinywa changu kilikuwa wazi na sauti haikutoka. Naapa, kwa muda ule mdogo nilikuwa natafuta mke wangu wa kumtuma kwa mama yake. Kisha nikapaza sauti.

"Mama, shika gari."

Nikasikia jiwe likianguka na kubiringika kuelekea shimoni, na gari likatikisika. Alikuwa ameugeuzia mkia wa pikapu mgongo, amekita visigino kwenye udongo, anasukuma. Likasimama.

"Nimeshika," akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya kanisani. "Mkwe, nimeshika nini?"

"Gari linataka kurudi, Mama. Mkono wangu umeshikwa ndani ya injini. Likirudi, utakatika."

Nilisikia pumzi yake.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Huo ndio unalisha mtoto wangu," akasema, na nikasikia visigino vyake vikichimba tena.

Alipiga ukunga. Kwetu ukunga ukipigwa watu huacha hata chakula mdomoni wakakimbia, lakini kinu cha posho kiliumeza wote, na pumzi aliyoitumia kupiga kelele ilimpunguzia nguvu za kusukuma. Gari likashtuka. Nikapiga kelele pia. Nikamwambia asipige tena, asukume tu. Kisu changu kilikuwa ndani ya sanduku, mbele ya macho yangu, na mkono wa kushoto haukukifikia ingawa niliunyoosha mpaka bega likalia. Juu ya msitu wa Kakamega mawingu yalikuwa yamekusanyika meusi, mvua ya mchana ya kila siku, na nilijua tone la kwanza likianguka kwenye udongo ule, miguu yake itateleza.

"Mama," nikasema, "likikushinda ruka kando. Chini yako kuna shimo."

"Na mkono?"

"Achana na mkono."

"Mkwe, usiniambie maneno kama hayo." Kisha akaniuliza pole pole, "Unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama."

"Hata mimi. Miguu inatetemekanga yenyewe." Halafu akasema, "Ongea. Ukinyamaza nitafikiri umekufa."

Basi tukaongea, mimi kichwa kikiwa ndani ya boneti na yeye mgongo ukiwa kwenye mkia wa gari, urefu wa pikapu katikati yetu na hakuna anayemwona mwenzake. Nilimwambia Rasoa ni mjamzito, habari ambayo mwenyewe alikuwa bado anapanga jinsi ya kuipeleka kwao. Aliniambia moto utazimika na kuku bado mbichi. Aliniuliza kama ni kweli ninakula kidogo, au ni Rasoa hajui kupika. Nilimjibu ninakula. Kila alipojibu, sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, na kila ilipopungua nilihisi puli ikisogea, ingawa labda ilikuwa ni damu tu inayogonga vidoleni.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya boneti.

Ndipo tuliposikia baiskeli ikiegemezwa nje ya ua, na mtu akikohoa. Kikohozi cha Mwalimu. Nilingoja aje. Hakuja. Alikohoa tena, kwa adabu, akabaki kule kule nyuma ya ua. Mwalimu alikuwa amesikia mkwe wake na mke wake wakizungumza, tena habari za chakula na mimba, na alikuwa amesimama na mtungi wake akiona haya, anatupa nafasi ya kuachana kabla hajaingia aione aibu hiyo kwa macho yake.

"Baba Rasoa," mama akaita, na sauti ilikuwa imekwisha, "ingia."

"Mnaongea?" akauliza kutoka nyuma ya ua.

"Ingia, gari linaniua."

Alikuja mbio na maji yakimwagika. Jiwe la kwanza lilikuwa shimoni, kwa hiyo aliingia jikoni akatoka na figa la pili, la moto, amelishika kwa gunia, akalikita nyuma ya gurudumu. Gunia lilianza kutoa moshi. Akachukua kisu sandukuni akaukata mkanda ule mpya kwa pupa hata nikaogopa atanikata mimi. Puli ikalegea. Nikatoa mkono, nikaketi chini kwenye matope, na sikuutazama. Mama mkwe alikuwa tayari amejifunika leso kichwani na usoni, anarudi jikoni akiwa ameshika ukuta.

Masista wa Mukumu waliutibu mkono vizuri. Nilipoteza ncha ya kidole cha kati na kucha za vidole viwili vya jirani, ambazo ziliota tena zikiwa zimepinda. Wazee walikaa wakalizungumza lile jambo la mkwe na mama mkwe kuongea. Nilipeleka blanketi, nao wakanipa kuku, yakaisha. Tukarudi kwenye heshima yetu. Sikumsikia tena akisema nami.

Kazini nilirudi mkono ukiwa na bandeji. Meneja wa Usafiri alisimama nyuma yangu kama kawaida yake, akanitazama nikishika spana mbele ya injini baridi bila kuinama. Jasho lilikuwa linanitoka. Baada ya muda akauliza, "Mkono umepona?"

"Umepona, mkubwa."

"Na wewe?"

Akanipa kazi ya stoo, na nikakaa stoo mpaka msimu uliofuata. Niliporudi kwenye injini nilikuwa na amri mbili zaidi ya zile za foremani: gia iwe huru, na mawe yawe mawili, moja kila gurudumu la nyuma, na yawe mawe niliyoyachagua mwenyewe. Kwenye kila karakana niliyohamishiwa baadaye, mpaka nikawa Msimamizi wa Karakana na kuketi nyuma ya meza, wanafunzi wangu walijua kwamba ukinionyesha gari lisilo na jiwe sitakusikiliza. Walinicheka kisirisiri. Wengine wao leo wana gereji zao, na nikipita naona mawe.

Magari ya siku hizi yana mkanda mmoja mrefu na kifaa kinachoukaza chenyewe, na kijana anaweza kuubadilisha nyumbani akitazama simu. Sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba simu haiujui mteremko wa uwanja wenu, wala haijui nani yuko jikoni. Mwambieni kila mtu wa nyumbani, na msione haya kumwambia. Mimi nimestaafu na bado naogopa.

Kuhusu mama mkwe, kuna jambo sijamwambia mtu isipokuwa Rasoa. Baada ya siku ile, kila nilipokwenda kwao kwa gari, niliingia sebuleni nikasalimiwa, nikanywa chai, na nilipotoka nilikuta jiwe nyuma ya gurudumu. Sikuwahi kumwona akiliweka. Lilikuwa figa lile lile; Mwalimu alilitoa shimoni, mama akakataa lirudi mekoni. Mwalimu alipofariki, watoto walisawazisha uwanja ukawa tambarare kama meza, gari lisingeweza kwenda popote, na jiwe bado lilikuwa linawekwa. Nililisogeza kando kwa mguu wakati wa kuondoka, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Alifariki mwaka ule ule niliostaafu. Tulimzika mchana, mvua haikunyesha. Watu walipopungua nilikwenda kwenye gari, nikazunguka nyuma, nikanyoosha mguu kwa mazoea. Mguu haukugusa kitu.

Nilishika mkia wa gari kwa mikono miwili nikaanza kusukuma. Uwanja ulikuwa tambarare, gari limetulia, na mimi nilikuwa nasukuma kwa nguvu zangu zote, nikitetemeka miguu. Rasoa alikuja akasimama kando yangu. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akarudi amelibeba jiwe kifuani, akainama akaliweka nyuma ya gurudumu, nami nikaweza kuachia.